Saa Moja Hadi Nairobi: Reli ya Kasi na Miji ya Mashariki mwa Mlima Kenya

Treni ya kasi kubwa, kwa kipimo kinachotumiwa na mashirika ya reli duniani, ni ile inayofikia kilomita 250 kwa saa kwenye reli mpya iliyojengwa kwa ajili yake, au kilomita 200 kwa saa kwenye reli ya zamani iliyoimarishwa. Usafiri wa aina hii ulianza Japani tarehe 1 Oktoba 1964, pale reli ya Tokaido ilipozinduliwa kati ya Tokyo na Osaka. Safari ya kilomita 515 iliyokuwa ikichukua saa 6 na nusu ikashuka hadi saa 4, na baadaye ikawa chini ya saa 2 na nusu. Ufaransa ilifuata mwaka 1981 kwa reli ya Paris na Lyon. China ilichelewa kuingia, lakini sasa ina zaidi ya kilomita 45,000 za reli za namna hiyo, nyingi kuliko za nchi nyingine zote zikijumlishwa. Barani Afrika, Morocco ndiyo ya kwanza: tangu Novemba 2018, treni iitwayo Al Boraq hukimbia kilomita 320 kwa saa kati ya Tangier na Kenitra, kisha huendelea kwa mwendo wa chini hadi Casablanca.

Juu ya hizo zipo treni za sumaku, ambazo hazigusi reli bali huelea juu ya njia yake kwa nguvu ya sumaku. Ile ya Shanghai ilijengwa kufikia kilomita 431 kwa saa katika njia ya kilomita 30 tu, na mwezi Aprili 2015 treni ya majaribio ya Japani ilifikia kilomita 603 kwa saa. Ndoto ya mbali zaidi ni haipalupu, vyumba vya abiria vinavyosukumwa ndani ya bomba lililoondolewa hewa karibu yote, kwa kasi inayokisiwa kufika kilomita 1,000 kwa saa. Jaribio la kwanza lenye abiria lilifanyika jangwani Nevada, Marekani, mwezi Novemba 2020. Bomba lilikuwa na urefu wa mita 500 na kasi ilikuwa kilomita 172 kwa saa. Kampuni iliyofanya jaribio hilo ilifunga milango mwishoni mwa 2023, na mpaka leo hakuna haipalupu inayobeba abiria wa kawaida popote duniani.

Mambo haya yakitajwa katika mji kama Runyenjes, ulioko kwenye barabara ya Embu–Meru kusini mashariki mwa Mlima Kenya, huonekana ya nchi nyingine kabisa. Lakini swali lililo nyuma yake ni la Runyenjes pia: eneo lenye watu wengi, ardhi yenye rutuba na miji iliyotawanyika hupata faida gani likiunganishwa kwa usafiri wa haraka, na ni kasi ipi inayolifaa?

Eneo lililorukwa na reli

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika mahali palipokuja kuwa Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Nairobi haikuwa mji kabla ya reli. Kambi ya wajenzi ndiyo iliyoota mizizi na kuwa jiji kuu. Baadaye tawi lilijengwa kwenda Thika, likapita Makuyu, Sagana na Karatina, likaishia Nanyuki. Njia hiyo ilizunguka mlima upande wa magharibi, kwa sababu huko ndiko mashamba makubwa ya walowezi yalikokuwa. Upande wa mashariki, yaani Embu na Meru, ulitengwa kuwa makao ya Waafrika, na treni haikufika. Hata katika miaka ya 1930, serikali ya kikoloni iliporuhusu wakulima wa Kisii, Meru na Embu kupanda kahawa kwa majaribio, mazao hayo yalisafirishwa kwa barabara.

Hali hiyo haijabadilika sana. Stesheni ya reli iliyo jirani na Embu ni Sagana, na reli hiyo yenye upana wa mita moja, ingawa ilifufuliwa mwaka 2020, ni ya mwendo wa polepole. Abiria wa Runyenjes hutegemea barabara inayotoka Makutano, ikapita katika mashamba ya mpunga ya Mwea hadi Embu, kisha ikapanda na kushuka migongo ya mlima kuelekea Chuka na Meru. Kutoka Nairobi hadi mji wa Embu ni kilomita 130 hivi. Hadi Meru kwa njia hii ni takriban 230. Runyenjes iko kilomita 25 hivi baada ya Embu.

Watu wanaohusika ni wengi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 608,599 katika kaunti ya Embu, 393,177 Tharaka-Nithi na 1,545,714 Meru. Ukiongeza Nairobi, Kiambu, Murang'a na Kirinyaga, ukanda wote kutoka jiji kuu hadi Meru una zaidi ya watu milioni 11. Huo ni umati unaotosha kujaza treni, mradi safari iwe na faida kwa msafiri kuliko matatu.

Majirani wamefanya nini

Mfano ulio karibu zaidi uko Tanzania. Jiwe la msingi la reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam liliwekwa mwaka 2017, treni za abiria zikaanza kwenda Morogoro mwezi Juni 2024 na Dodoma mwezi Julai mwaka huo huo, na Rais Samia Suluhu Hassan akazindua rasmi huduma hiyo tarehe 1 Agosti. Treni zake hutumia umeme na hufikia kilomita 160 kwa saa. Kwa kipimo cha dunia hizo si za kasi kubwa, lakini kwa Afrika Mashariki ni hatua ndefu. Safari ya Dar es Salaam hadi Dodoma, kilomita 450 hivi, ambayo kwa basi humaliza mchana mzima, treni ya haraka huimaliza kwa takriban saa 3 na nusu. Kabla ya hapo, mtumishi wa umma au mfanyabiashara aliyekuwa na shughuli katika miji yote miwili alilazimika kulala ugenini au kulipia ndege. Sasa aweza kuondoka alfajiri, akamaliza kazi yake na kurudi nyumbani usiku.

Kenya ilitangulia kwa reli ya Mombasa–Nairobi, iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2017. Treni ya Madaraka Express hutumia injini za dizeli na hufikia kilomita 120 kwa saa. Mwaka 2019 reli hiyo ilifikishwa upande wa Naivasha. Zaidi ya hayo, mpango wa LAPSSET wa kuiunganisha bandari ya Lamu na Ethiopia, uliozinduliwa Lamu mwezi Machi 2012, unahusisha reli kutoka bandari hiyo hadi Isiolo, kaskazini mwa Mlima Kenya, pamoja na kiungo cha Isiolo na Nairobi. Gati la kwanza la Lamu lilianza kazi mwezi Mei 2021, lakini reli bado iko kwenye karatasi. Siku kiungo cha Isiolo na Nairobi kitakapochorwa kwa kina, swali litakuwa lile lile la enzi ya walowezi: kipite magharibi ya mlima au mashariki?

Mwendo wa juu na mwendo wa wastani

Nambari inayotangazwa kuhusu treni ni kasi yake ya juu. Nambari inayomgusa msafiri ni wastani, kwa sababu treni hupunguza mwendo kwenye kona, husimama stesheni na huingia mijini taratibu. Al Boraq ya Morocco, kwa kasi yake ya kilomita 320, hutumia saa 2 na dakika 10 kutoka Tangier hadi Casablanca, kilomita 320 hivi. Huo ni wastani wa karibu kilomita 150 kwa saa. Treni ya haraka ya Tanzania, ambayo kasi yake ya juu ni nusu ya hiyo, ina wastani wa karibu 130.

Tukichukua wastani huo wa Tanzania na kuuweka kwenye njia ya Nairobi–Embu, kilomita 130 zingechukua saa moja. Meru ingefikiwa kwa saa 1 na dakika 45 hivi. Treni ya kilomita 300 kwa saa, ikipewa wastani wa ukarimu wa kilomita 195, ingefika Embu kwa dakika 40. Haipalupu, kama ingekuwepo, ingetumia dakika 10 hivi. Kwa hiyo kutoka treni ya kwanza hadi ya pili abiria wa Embu anaokoa dakika 20, na fedha zinazohitajika kuokoa dakika hizo ni nyingi mno.

Tazama sasa safari nzima ya mtu anayetoka kijijini karibu na Runyenjes kwenda kazini Nairobi. Tuseme atumie dakika 15 kwa bodaboda hadi steji, dakika 35 kungoja matatu ijae na kufika Embu, dakika 20 stesheni, kisha dakika 40 kutoka stesheni ya Nairobi hadi anakokwenda. Jumla ya viungo hivi vya nje ya treni ni dakika 110. Kwa treni ya kilomita 160, safari yote ni saa 2 na dakika 50. Kwa treni ya kilomita 300 ni saa 2 na nusu, na kwa haipalupu ni saa 2 kamili. Lakini viungo hivyo vikipunguzwa nusu, kwa barabara nzuri ya kijiji, matatu inayoondoka kwa ratiba ya treni, steji iliyo mlangoni mwa stesheni, na basi la kuaminika mjini Nairobi, treni ya kilomita 160 humfikisha kwa saa 1 na dakika 55. Hata haipalupu yenye viungo vibovu ingeachwa nyuma.

Hili ndilo jambo la msingi kwa eneo lolote linalopanga usafiri wa kasi. Dakika nyingi hupotelea kwenye viungo, na viungo ni rahisi kutengeneza kuliko kasi ya treni. Kenya imeliona hili mara mbili. Stesheni kuu ya reli ya kisasa Nairobi ilijengwa Syokimau, mbali na katikati ya jiji, na abiria anayeshuka huanza safari nyingine ya treni ndogo au gari hadi mjini. Barabara kuu ya Thika, iliyokamilika mwaka 2012, ilifupisha mno safari ya Ruiru na Juja, na nyumba za kupanga zikachipuka pande zote mbili. Lakini magari yalipofika Pangani na Ngara yalikutana na foleni ile ile ya zamani.

Mlima na makona

Ukubwa wa kasi hupanga umbo la reli. Treni inapoingia kwenye kona, nguvu inayoisukuma nje huongezeka kwa mraba wa kasi. Mwendo ukiongezwa maradufu, nguvu hiyo huwa mara nne. Kutoka kilomita 160 hadi 300 kwa saa, nguvu huzidi mara tatu na nusu, na kona lazima iwe pana kwa kiasi hicho hicho. Reli ya kilomita 160 hutosheka na kona yenye nusu kipenyo cha kilomita 2 hivi. Ile ya kilomita 300 huhitaji zaidi ya kilomita 5. Upinzani wa hewa nao huongezeka kwa kanuni hiyo hiyo, ndiyo maana gharama ya umeme hupanda haraka kuliko kasi yenyewe.

Kwa mashariki ya Mlima Kenya hii si nadharia. Mito inayotoka theluji na misitu ya mlima, kama Ena, Thuci na Nithi, hushuka kuelekea Tana kwa mabonde marefu yaliyo sambamba, na barabara ya Embu–Meru huyakata moja baada ya jingine. Runyenjes imekaa kwenye mmoja wa migongo hiyo. Barabara hushuka bondeni, huvuka daraja na kupanda tena kwa kona kali. Hatari yake inajulikana: daraja la Nithi limeua watu wengi kwa miaka mingi, na mwezi Julai 2022 basi liliacha njia hapo likatumbukia bondeni, zaidi ya watu 30 wakafariki. Reli haiwezi kufuata kona hizo. Ingelazimika kupita juu ya madaraja marefu ya nguzo na ndani ya mahandaki, na kadiri kasi inavyokuwa kubwa ndivyo madaraja na mahandaki yanavyozidi.

Njia ya pili ni kuteremka: reli ipite chini, katika ardhi ya Mbeere na Tharaka iliyo wazi zaidi, kupitia maeneo kama Ishiara. Hapo ujenzi ni rahisi, lakini watu ni wachache, na miji ya mgongoni, Runyenjes, Chuka na Nkubu, ingebaki kilomita nyingi juu yake. Hakuna jibu lisilo na gharama. Reli ya juu hulipwa kwa zege. Reli ya chini hulipwa kila siku na abiria wanaopanda na kushuka mlima kuifikia, ijapokuwa huwapa watu wa maeneo kame huduma ambayo hawajawahi kupata.

Usalama nao una uzito wake katika mizani hii. Barabara za Kenya huua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka. Reli za kasi hujengwa zikiwa zimezungushiwa ua, bila makutano ya barabara ya ardhini, na uendeshaji wake husimamiwa na mitambo inayoweza kuisimamisha treni dereva akikosea. Tangu 1964, reli ya Shinkansen ya Japani haijapoteza abiria hata mmoja kwa treni kugongana au kuacha njia.

Stesheni: Runyenjes au Embu?

Kila mji hutaka treni isimame kwake. Lakini kila kituo hula dakika kadhaa, za kupunguza mwendo, za abiria kupanda na kushuka, na za kurudisha kasi. Treni ikisimama Thika, Makuyu, Sagana, Mwea, Embu, Runyenjes, Chuka, Nkubu na Meru, inakuwa matatu ya relini. Japani ilitatua tatizo hili kwa kuendesha treni za aina tatu kwenye reli moja: moja husimama kila stesheni, moja stesheni chache, na moja miji mikubwa tu. Tanzania nayo ina treni za haraka na treni za kawaida zinazohudumia vituo vidogo kama Soga, Ngerengere na Kilosa.

Kwa mpango wa namna hiyo, Embu ingepata treni zote na Runyenjes, kama reli itapita juu, ingepata treni ya kawaida mara chache kwa siku. Kama reli itapita chini, Runyenjes haitakuwa na stesheni kabisa. Hilo lisichukuliwe kuwa hukumu. Mji mdogo unaoweza kuifikia stesheni kubwa kwa dakika 25, kwa gari linalojulikana saa yake ya kuondoka, hunufaika kuliko mji wenye jengo zuri la stesheni linalopitwa na treni nyingi. Ndiyo maana mazungumzo ya Runyenjes kuhusu reli yapaswa kuanza na magari ya kwenda Embu. Vyama vya matatu vitangoja treni au vitaendelea kungoja gari lijae? Tiketi moja itatosha safari yote? Hapo ndipo serikali ya kaunti yenyewe ina mamlaka na uwezo, bila kungoja mkopo wa nje.

Mazao, soko na muda

Eneo hili ni la mazao, na mazao hayafanani mbele ya kasi. Kahawa na makadamia zikishakaushwa huvumilia safari ndefu. Zinachotaka ni nauli nafuu. Majani ya chai yaliyochumwa lazima yafike kiwandani siku hiyo hiyo, lakini viwanda kama Rukuriri na Mungania viko karibu na mashamba, na chai iliyokwisha kutengenezwa husafiri polepole hadi Mombasa bila hasara. Kwa bidhaa hizi, reli ya mizigo yenye mwendo wa kawaida ni msaada mkubwa kuliko treni ya kilomita 300.

Maziwa, ndizi, maparachichi, maembe ya Mbeere na mboga ni jambo lingine. Hizi huharibika, na kila saa ya joto njiani hupunguza bei. Miraa ya Igembe na Tigania ndiyo mfano ulio wazi zaidi: thamani yake hudumu siku mbili tu hivi baada ya kuchunwa, maana kiini chake hupungua nguvu jani linaponyauka. Kwa sababu hiyo magari ya miraa hukimbia barabara ya Meru–Embu kwa mwendo unaotisha ili kuiwahi ndege Nairobi. Muguka wa Mbeere, aina nyingine ya miraa, husafiri mbali zaidi, hadi Mombasa. Uchumi huu tayari umejengwa juu ya kasi, ila kasi yake hulipwa kwa roho za watu barabarani.

Treni nyingi za kasi kubwa hazibebi mizigo, kwa sababu gari zito huichosha reli iliyosawazishwa kwa milimita. Reli ya Tanzania ilichorwa tofauti: abiria kilomita 160 kwa saa, mizigo kilomita 120, kwenye njia moja. Kwa ukanda wa Mlima Kenya mchoro huo una mantiki zaidi. Asubuhi treni hubeba wafanyakazi na wanafunzi, na usiku mabehewa ya baridi hubeba maziwa na matunda hadi Nairobi na Mombasa. Lakini behewa la baridi bila ghala la baridi Embu, na ghala bila barabara ya kutoka Kianjokoma au Kyeni, havina kazi. Hapa tena kiungo ndicho kinachoamua.

Umeme upo

Treni ya kasi ni ya umeme, na kwa hili eneo lina bahati. Mabwawa matano ya mto Tana, Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere, yaliyojengwa kati ya 1968 na 1988, yako kwenye mpaka wa Embu na majirani zake, na mitambo yake kwa pamoja ina uwezo wa takriban megawati 600. Sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo, kwa hiyo treni inayoutumia haichomi dizeli ya kuagizwa kwa dola. Udhaifu wa mabwawa ni ukame: maji ya Tana yakipungua, umeme hupungua. Reli inayotegemea gridi ya taifa, inayochanganya mvuke wa Olkaria na upepo wa Turkana, iko salama zaidi kuliko ile inayotegemea mto mmoja.

Ardhi na anayepoteza

Reli inahitaji ukanda wa ardhi ulionyooka, na katika mashamba ya Runyenjes kila ekari ina mwenyewe, ina mibuni au michai, na mara nyingi ina makaburi ya wazazi. Katiba ya 2010 inataka fidia ya haki ilipwe upesi pale ardhi inapochukuliwa kwa manufaa ya umma, na Tume ya Kitaifa ya Ardhi ndiyo inayosimamia kazi hiyo. Mbuni unaong'olewa hauwezi kurudishwa na hundi ya mara moja. Mkulima alikuwa akivuna kila mwaka. Fidia inayostahili huhesabu mazao ya miaka ijayo na gharama ya kuanza upya, na hulipwa kabla tingatinga halijafika.

Wengine hupoteza bila kuguswa ardhi yao. Reli ya Mombasa ilipopewa mizigo kwa amri ya serikali, madereva wa malori, wapakuaji wa Mombasa na wenye hoteli za njiani kama za Mtito Andei waliona riziki ikikatika. Mwaka 2019 watu waliandamana Mombasa kupinga amri hiyo, na mwaka 2022 serikali mpya iliiondoa. Embu na Meru zina maelfu ya madereva, utingo, wauza chakula wa steji na madalali wa mazao. Treni inayokuja kuwaondoa itapigwa vita. Treni inayowapa kazi ya kulisha stesheni itapata watetezi.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana haraka. Njia ya haraka hupitisha watu pande zote mbili. Mteja wa Embu aliyekuwa akinunua fanicha Embu aweza kwenda Nairobi. Daktari bingwa aliyekuwa akiishi Meru aweza kuhamia jijini na kuja siku mbili kwa wiki. Mji mdogo hufaidika tu kama una kitu kinachowavuta watu kuja kwake: chuo kikuu, hospitali ya rufaa, kiwanda cha kusindika makadamia, soko la jumla. Embu na Chuka zina vyuo vikuu, na huo ni mwanzo mzuri. Runyenjes, makao ya kaunti ndogo ya Embu Mashariki, ina nafasi ya kuwa mahali pa kusindika na kupakia mazao ya mgongo wote kabla hayajateremka Embu.

Gharama na mpangilio wa kazi

Reli ya Mombasa–Nairobi iligharimu zaidi ya shilingi bilioni 300, karibu yote kwa mikopo ya China, na deni lake bado linalipwa na walipa kodi. Wakaguzi wa Umoja wa Ulaya walikuta kwamba kilomita moja ya reli ya kasi kubwa barani humo hugharimu wastani wa yuro milioni 25, bila kuhesabu mahandaki ya gharama kubwa. Kwa migongo ya Mlima Kenya hesabu ingekuwa nzito. Reli ya kilomita 300 kwa saa hulipa pale inapounganisha miji mikubwa iliyoachana kilomita 300 hadi 800. Chini ya hapo gari hushindana nayo, na juu ya hapo ndege huishinda. Nairobi na Embu ziko karibu mno kwa kasi hiyo. Nairobi na Mombasa ziko ndani ya kipimo, na Tangier na Casablanca, zilizomo pia ndani ya kipimo hicho, zilipata abiria milioni 3 mwaka 2019, mwaka wa kwanza kamili wa Al Boraq.

Kwa hiyo kasi inayoufaa ukanda wa mashariki ya Mlima Kenya ni ya kati: treni ya umeme ya kilomita 160 kwa saa, ya abiria na mizigo, iliyochorwa tangu mwanzo kuwa sehemu ya kiungo cha Nairobi na Isiolo ili mzigo wa Lamu na Ethiopia usaidie kulipia reli ambayo abiria wa Embu na Meru peke yao wasingeimudu. Kazi yenyewe ina mpangilio unaoeleweka. Kwanza ni viungo, ambavyo vinahitajika hata kama reli haitajengwa kamwe: barabara za mashambani, maghala ya baridi, magari ya ratiba kati ya Runyenjes na Embu, na kutengenezwa upya kwa kona na daraja la Nithi. Pili ni kutenga mapema ukanda wa reli na mahali pa stesheni ya Embu, karibu na steji, kabla bei ya ardhi haijapandishwa na walanguzi. Tatu ni reli kutoka Nairobi hadi Embu, inayofungua soko la watu milioni kadhaa kwa safari ya saa moja. Nne ni sehemu ngumu ya mabonde, Embu hadi Meru na Isiolo, pale mizigo ya Lamu itakapokuwa imekuja kweli.

Kila hatua kati ya hizo ina faida yake bila kungoja inayofuata, na kila moja huongeza thamani ya ile iliyotangulia. Nchi ambayo bado haijarekebisha kosa la reli iliyopita upande mmoja wa mlima ina kila sababu ya kuchora njia ya pili ikiwa na wakazi wa upande wa pili mezani, tangu mstari wa kwanza.